Tumepamba Mafiga, Chungu Kimepoa

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu niseme neno ambalo limenikaa moyoni siku nyingi. Najua ya kuwa wako wasomaji watakaochukizwa nami, na wengine watasema, "Mwalimu huyu amezeeka, haipendi tena furaha ya vijana." Na waseme. Mtu aonaye moto juu ya paa la jirani yake hangoji kwanza apendwe ndipo apige ukelele.

Mimi nakaa Mafiga, katika mji wa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Kila ajuaye Kiswahili aifahamu maana ya neno mafiga: ni yale mawe matatu ya jikoni ambayo chungu hutelekwa juu yake. Mawe hayo yana kazi yake, wala hayadharauliwi. Yasipolingana, chungu hulala upande na mchuzi humwagika motoni. Kwa hiyo mama mwenye busara huyachagua kwa uangalifu. Lakini sijamwona bado mama aliyeyavika mafiga yake nguo, akashinda kutwa akigombana na jirani juu ya rangi ya nguo hiyo, hali moto umezimika, chungu kimepoa, na watoto wanalia kwa njaa. Tungemwona mama wa namna hiyo tungesema amepatwa na wazimu.

Basi neno langu ni hili: katika ibada zetu tumekuwa kama mama huyo. Chungu chetu ni Kristo: Neno lake lisomwalo, Meza yake iandaliwayo, toba ya dhambi, na mapendo kwa jirani. Mafiga yetu ni nyimbo, na ngoma, na kinanda, na mavazi, na mapambo, na matangazo, na utaratibu wa viti. Kazi ya hayo yote ni kukishika chungu kisianguke. Nasi tumeyageuza yawe ndiyo chakula.

Angalieni Jumapili moja tu. Kabla ya ibada wanakwaya wananong'onezana habari za vitenge vipya, nani amelipa na nani bado. Ibada ikianza, mpiga picha anasimama kati ya madhabahu na watu, mgongo wake ukiwaelekea waliopiga magoti. Wakati wa mahubiri simu inalia. Mwenyewe anaitoa mfukoni, anaitazama, anausoma ujumbe uliomo, ndipo anaizima. Yakija matangazo, yanachukua muda kuliko mahubiri yenyewe. Majina ya waliotoa yanasomwa pamoja na kiasi cha fedha, na aliyetoa kidogo anainamisha kichwa chake. Halafu mnada: jogoo anapandishwa bei kwa vicheko na vigelegele, na watu wanashika njia ya nyumbani wakisimulia habari za jogoo.

Jumatatu moja niliwauliza watoto darasani, "Jana kanisani mlisikia nini?" Mmoja akanieleza rangi ya nguo za kwaya. Wa pili akanitajia mtu aliyeshinda mnada, na bei aliyotoa. Wa tatu akasema kipaza sauti kiliharibika mara mbili, na watu wakacheka. Nikauliza, "Na Injili ilihusu nini?" Wakatazamana. Sikuwalaumu watoto wale hata kidogo. Mtoto hukumbuka yale ambayo wazazi wake huyazungumza njiani wakirudi nyumbani. Kama hatukuzungumza Injili, yeye ataikumbukaje?

Lakini isiwe mimi nawanyoshea wengine kidole hali mkono wangu mwenyewe si safi. Nilikuwa mwalimu wa kwaya kwa miaka mingi, na dhambi hii nimeitenda. Mwaka mmoja, karibu na Pasaka, tulikubaliana kushona sare mpya. Nikaweka siku ya mwisho ya kulipa, nami nikasema kwa ukali kwamba asiyekuwa na sare hatasimama mstarini. Katika waimbaji wetu alikuwamo mama mmoja mjane, mwenye kuuza mboga sokoni. Alikuwa na sauti nzuri kuliko wote, na zaidi ya sauti, aliyajua maneno ya nyimbo kwa moyo, maana alikuwa akiyasali. Siku ya Pasaka alikuja na kanga yake ya kila siku, safi, imepigwa pasi. Nami mbele ya wenzake nikamwambia akakae nyuma na watu wengine. Akaenda kimya. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile ya pili, wala mwezi uliofuata.

Mwisho nilikwenda kwake. Nikakuta ya kuwa fedha ya sare alikuwa nayo, lakini mtoto wake alishikwa na homa, naye akainunulia dawa. Nikamwomba radhi. Akanikaribisha, akanipa kigoda nikae, akaniambia neno ambalo sijalisahau hata leo. Alisema, "Mwalimu, mimi nilidhani Mungu naye amesimama upande wenu." Ndugu zangu, nimefundisha watu nyimbo nyingi za kumsifu Mungu, lakini kwa tendo moja nilimfundisha mjane kwamba Mungu huwafukuza maskini kwa sababu ya kitambaa. Sasa amerudi kusali. Kwaya hakurudi, nami siwezi kumlazimisha. Tangu siku ile naliona jambo hili si dogo, na kwa hiyo naandika.

Yuko atakayenijibu, "Desturi hizi ndizo heshima ya ibada, tumezikuta." La, si kweli kwamba tumezikuta zote. Tukumbuke imani ilivyofika katika nchi zetu hizi. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Unguja mwaka 1863, wakavuka wakajenga Bagamoyo mwaka 1868, na mwaka 1877 wakafungua misioni ya Mhonda, katika milima ya Nguru. Mhonda hawakwenda peke yao. Walikwenda pamoja na kaya za Wakristo waliolelewa Bagamoyo, watu waliokombolewa utumwani. Mwaka 1897 ikafunguliwa Matombo, huku kwetu Uluguru, na mwaka 1953 Morogoro ikawa jimbo kamili. Sasa fikirini juu ya kaya zile zilizotoka pwani. Walibeba nini kichwani? Hawakuwa na sare, wala kipaza sauti, wala mpiga picha. Misa ilisomwa kwa Kilatini, lugha ambayo si ya baba yao wala ya mama yao. Lakini walijua jambo moja ambalo hakuna aliyehitaji kuwatafsiria: ya kwamba walikuwa watu wa kuuzwa, na sasa yuko aliyewanunua kwa damu yake mwenyewe ili wawe huru.

Kila mkulima wa milimani ajua jambo hili: mtu ahamapo shamba hubeba chungu, mafiga huyaacha. Aendako ataokota mawe mengine, maana mawe hayakosekani. Ndivyo lilivyofanya Kanisa. Kilatini kiliachwa, Kiswahili kikaokotwa. Wimbo wa Ulaya ukawekwa kando, wimbo wa kwetu ukatwaliwa. Chungu ni kilekile. Basi mtu akikuambia kwamba jiwe fulani ndilo imani yenyewe, mjibu kwamba babu zetu walihama mara nyingi na hawakufa njaa.

Hapo ndipo tufikirie ugomvi wetu mkubwa, ule wa ngoma na kinanda. Tarehe 22 Novemba 1903 Papa Pio wa Kumi alitoa agizo juu ya muziki wa kanisani. Humo alikataza piano, na ngoma, na matoazi, na vyombo vingine vya kelele. Wazee wetu wakalelewa katika sheria hiyo, na wengi wakaona kwamba ngoma na Ukristo haviketi nyumba moja. Kisha tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatoa hati yake juu ya Liturujia, ukaufungulia mlango muziki wa mataifa, upewe heshima yake katika ibada. Mwaka huohuo Padre Stephen Mbunga, mwana wa nchi yetu, alitoa kitabu kizima juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Leo ngoma na kayamba husikika makanisani mwetu, na mimi nafurahi.

Je, nani alikosea, yule wa 1903 au wale wa 1963? Watu hubishana mpaka mate yakawakauka, wala hawaulizi kila mmoja alitaka nini. Papa Pio alikuwa akipigana na desturi ya Ulaya ya kuleta kanisani muziki wa jumba la michezo, ambapo mwimbaji hujionyesha na watu husahau kusali. Mtaguso ulitaka watu wote washiriki ibada kwa akili na kwa moyo, wasiwe watazamaji tu. Tazameni: wote wawili waliogopa kitu kimoja, nacho ni kanisa kugeuka uwanja wa maonyesho. Basi sisi tulioruhusiwa ngoma tumefanya nini? Tumechukua ruhusa tuliyopewa ili watu wote wasali, tukaifanya njia ya wachache kuonekana. Ngoma haina hatia. Lakini mpigaji anayepiga apate kutazamwa, huyo amelirudisha jumba la michezo, hata kama ngoma yake imewambwa kwa ngozi ya mbuzi wa Mgeta.

Na wewe mpinga ngoma, usifurahi upesi. Unayekaa kitini umekunja uso, ukihesabu makosa ya kwaya tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, wewe nawe hukusali. Ulikuja kuyapima mawe.

Maandiko Matakatifu yatuonya juu ya jambo hili. Kule jangwani, watu walipoumwa na nyoka, Musa aliagizwa na Mungu atengeneze nyoka wa shaba, na waliomtazama wakapona. Kilikuwa kitu chema, tena kilichoagizwa na Mungu mwenyewe. Lakini miaka mingi baadaye watu walikuwa wakimfukizia uvumba nyoka yule, na mfalme Hezekia akamvunja vipande vipande. Wala Hezekia hakulaumiwa kwa kukivunja kitu cha Musa, alisifiwa. Fahamuni basi: kitu chaweza kuwa chema katika mwanzo wake, kikawa sanamu katika mwisho wake, na hakuna aliyeiona siku kilipogeuka.

Wala msidhani kwamba hayo ni ya zamani tu. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, katika uwanja wa Majengo, watu walikuwa katika mkutano wa ibada. Mafuta yaitwayo ya upako yalimwagwa chini, na watu wakaambiwa wapite juu yake. Wakasongamana, wakaanguka, wakakanyagana, na watu 20 wakafa. Mimi siwahukumu marehemu wale. Walikwenda na magonjwa yao, na madeni yao, na watoto wao migongoni. Na mwenye shida hutafuta msaada popote. Lakini sisi tunaofundisha, tuulizane kwa hofu: yawezekanaje watu wakusanyike kwa jina la Yeye aliyesema tupendane, kisha mtu apite juu ya kifua cha jirani yake ili ayafikie mafuta? Hapo nyoka wa shaba alikuwa amekwisha geuka. Na asiyewahi kufika Moshi asijitakase. Mimi sikumkanyaga mtu kwa mguu, lakini mjane wangu nilimkanyaga kwa kitambaa.

Wala haiwi kwamba hatujui kusali. Twajua sana. Tarehe 10 Agosti 2019, hapahapa Morogoro, karibu na Msamvu, lori la petroli lilipinduka. Watu walikusanyika kuchota, moto ukalipuka, wakafa watu zaidi ya 100. Mji wetu ukawa mji wa matanga. Siku zile niliona watu wakisali kama inavyopasa kusali. Sikumsikia mtu akiuliza kwaya ipi itatangulia, wala sare ni ya rangi gani, wala jina la nani litasomwa. Watu walipiga magoti sakafuni. Walisikiliza Neno kama mtu mwenye kiu asikiavyo sauti ya maji ya mto. Aliyekuwa na chakula alimpelekea mfiwa. Kumbe uwezo tunao! Mbona basi tungoje mpaka kifo kibishe hodi ndipo tukumbuke kwa nini tunakwenda kanisani?

Najua majibu yanayotayarishwa. Wa kwanza atasema, "Mungu anastahili vilivyo bora, hata yule mwanamke wa Bethania alimwaga marhamu ya thamani kubwa, na Bwana hakumkataza." Nakubali kabisa. Lakini angalieni alipoimwaga: aliimwaga juu ya Yesu, hakujipaka yeye. Wala hakuweka sharti kwamba asiye na marhamu asiingie nyumbani. Mmefanya hivyo na sare zenu? Mimi sikufanya.

Wa pili atasema, "Tukipunguza shangwe, vijana watatukimbia." Nimekaa na vijana tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Kijana aliyeitwa kwa ngoma ataifuata ngoma iliyo kubwa zaidi, na mjini ngoma kubwa zaidi hazikosekani usiku wowote. Lakini kijana aliyetembelewa alipokuwa mgonjwa, aliyefundishwa kusoma Maandiko akayaelewa, aliyeungama na kusamehewa, huyo hata kinanda kikivunjika utamkuta kanisani.

Wa tatu atasema, "Bila kusoma majina na bila mnada, fedha haitapatikana, na paa litavuja." Kutoa ni wajibu, wala sibishi. Walakini yule mjane wa Injili aliyetia senti mbili katika sanduku la hazina hakutangazwa na mtu. Bwana alimwona bila kipaza sauti. Ikiwa watu wetu hawatoi mpaka majina yao yasomwe, basi hatujawafundisha kutoa. Tumewauzia sifa, nasi tumekuwa wachuuzi.

Sasa sitaki kuwa mtu wa kubomoa asiyejenga. Nasema yafaayo, na kila parokia na usharika upime.

Kwanza, kwaya isikubali sare yoyote ambayo mwimbaji aliye maskini kuliko wote hawezi kuinunua bila kumnyima mtoto wake dawa. Ikiwa hawezi, wote wavae nguo zao za kila siku, safi, na Mungu hatapungukiwa utukufu.

Pili, mpiga picha apewe mahali pamoja pa kusimama, kando, wala asivuke kati ya watu na madhabahu. Na kila mmoja wetu aizime simu yake mlangoni, kama vile mtu avuavyo kofia.

Tatu, matangazo yawe mafupi, na majina ya watoaji na kiasi chao visisomwe. Mnada, kama hauna budi kuwapo, uwe nje, baada ya baraka, kwa adabu.

Nne, na hili ndilo kubwa: Jumamosi jioni masomo ya kesho yasomwe nyumbani, hata kama ni kwa mwanga wa kibatari. Na Jumapili njiani baba na mama wawaulize watoto, "Leo Bwana alisema nini nasi?" Swali hilo halina gharama. Likiulizwa mwaka mzima, litafanya kazi ambayo sare za miaka kumi hazikuifanya.

Tano, waliogombana kwa sababu ya ngoma, au kinanda, au uongozi wa kwaya, wapatane kabla ya kuikaribia Meza. Bwana alituagiza tuiache sadaka yetu mbele ya madhabahu, twende kwanza tukapatane na ndugu. Hakusema tumalize kwanza wimbo.

Bwana Mhariri, nimesema mengi kuliko nilivyokusudia. Wako watakaoandika kunijibu, nami nitawasoma kwa moyo mweupe, na nikikosolewa kwa haki nitakubali. Lakini kabla hawajaishika kalamu, nawaomba wafanye jambo moja. Jumapili ijayo wageuke watazame viti vya nyuma kabisa, karibu na mlango, wakahesabu ni nani hayupo ambaye zamani alikuwapo. Kisha waende nyumbani kwake wakamwulize sababu. Wakisha kuisikia sababu hiyo, hapo waandike.

Mimi ndugu yenu katika Kristo,
Mwalimu, Mafiga, Morogoro.